Ukiutaka Mpira, Taja Jina

Jezi namba tano ilikuwa imetundikwa kwenye msumari wa mtu mwingine!

Ndiyo, msomaji wangu. Hapo ndipo nilipokukatia utamu Jumapili iliyopita, na najua ulinisonya. Ungekuwa wewe ndiye Neil Garside ungesonya zaidi. Miaka kumi na miwili beki huyu anaichezea Skelbeck Town, klabu ya daraja la nne kule kaskazini ya Uingereza, na kila Jumamosi namba tano humngoja kwenye msumari wa kona, karibu na bomba la maji moto. Jumamosi hii ya Mei 1986, kwenye msumari huo ilikuwa inaning'inia namba kumi na mbili. Jezi ya benchi.

Na siku yenyewe haikuwa ya kukaa benchi. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, na mkataba wa Neil unasema wazi: akianza mechi ishirini na tano msimu huu, anaongezewa mwaka mmoja, mwenyekiti apende asipende. Alikuwa ameshaanza ishirini na nne. Kuingia ukitokea benchi hakuhesabiwi. Ana miaka thelathini na minne, hajui kazi nyingine tangu ana kumi na sita, na hakuna klabu itakayomchukua beki wa umri ule. Akikosa kuanza leo, mpira basi.

"Terry," Neil alisema. "Vua hiyo jezi."

Terry Ogden, yule beki wa akiba mwenye pua iliyovunjika, alikuwa ameshaitungua namba tano kwenye msumari wake na kuivaa; alimtazama bila kuinuka. Hawa wawili hawakuwa wameongea tangu Oktoba, siku Neil alipomkanyaga mazoezini na asiombe radhi.

"Sikujivika mwenyewe, mzee. Kamuulize bosi."

Wengine walijifanya wanatafuta soksi. Carl Thackray alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena.

Wewe unayeanza kusoma leo, Carl ni huyu: beki mwenzake Neil, namba sita. Miaka tisa wamesimama bega kwa bega katikati ya ulinzi. Carl ndiye aliyekuwa msimamizi wa Neil siku ya harusi, na Neil ndiye baba wa ubatizo wa mtoto wa Carl. Kabla ya kila mechi Carl humshikia Neil jezi, Neil akaingiza kichwa na mikono kama mtoto anayevalishwa na mama yake. Wenzao huwacheka, lakini siku walipoacha kufanya hivyo walifungwa sita, kwa hiyo hawakuacha tena.

Neil hakumtazama Carl. Alitoka, akaelekea ofisini kwa bosi bila kubisha hodi.

*

Ronnie Stobbs, bosi wa timu, alikuwa anakula pai ya nyama kwa mikono yote miwili. Alipomwona Neil aliiweka chini, akajifuta kwa gazeti.

"Funga mlango."

"Alhamisi ulinipa mkono, bosi. Ulisema 'Jumamosi unaanza.' Mkono huohuo unaoulia pai!"

"Alhamisi nilikuwa sijaisoma hii."

Stobbs alisukuma bahasha juu ya meza. Neil aliitambua kabla hajaigusa, maana kona yake ilikuwa na doa la chai, na chai ile aliimwaga yeye mwenyewe.

Ilikuwa barua ya daktari wa mifupa. Goti la kulia, gegedu limekwisha, mfupa unasagana na mfupa. Mgonjwa ameshauriwa asicheze tena mpira. Neil alikwenda kwa daktari huyo kwa siri, mji wa mbali, jina la klabu hakulitaja. Mtu angepata wapi barua hii?

"Nani kakupa?"

"Niliikuta chini ya mlango jana."

"Nani, bosi?"

"Nimekwambia, chini ya mlango! Kwani mlango unasema?" Stobbs aliinua pai yake, akaishusha tena. "Sikiliza, Neil. Nikikupanga leo na mwenyekiti akaja kujua nilikuwa na karatasi hii, mimi nitakuwa nimemuuzia ng'ombe aliyekufa. Mimi mwenyewe mwakani sipo hapa. Niache niondoke salama."

"Kwa hiyo salama yako ni mimi nizikwe."

"Kavae kumi na mbili. Watu watakupigia makofi ukipita. Wanakupenda."

Makofi! Nimekaa mji ule miaka kumi na moja, nimesimama nyuma ya goli la upande wa kiwandani kwenye mvua na kwenye theluji, na ninawajua wale watu. Makofi wanayo ya kutosha. Watakupigia leo, na wiki ijayo watakuuliza wewe ulikuwa ukicheza namba ngapi.

*

Nje ya ofisi, ukutani, kuna simu. Pembeni yake kuna chumba cha kufulia, na humo ndimo anamoishi Maureen, ambaye wote humwita Mo, mama anayefua jezi za Skelbeck tangu Neil hajaota ndevu. Mlango wake huwa wazi sababu ya mvuke, na masikio yake huwa wazi sababu ni yake.

Neil alipiga nyumbani. Kichwani mwake, kwa hasira iliyomzuia kufikiri, mwizi wa barua alikuwa mmoja tu. Nani alilia mwaka mzima akimwomba aache mpira? Nani alimwambia siku ya Krismasi, mbele ya wakwe, kwamba anataka mume anayeweza kupanda ngazi?

Simu ilipokelewa.

"Denise, umeridhika sasa?"

"Salamu gani hiyo? Si uko uwanjani wewe?"

"Niko uwanjani, na niko benchi. Hongera. Ungenichoma kisu ingekuwa nafuu."

"Neil, umekunywa?"

"Barua, Denise! Barua ya daktari! Umempelekea Ronnie!"



"Barua ya daktari gani?" Denise aliuliza taratibu.

Neil aliuzungusha waya wa simu kidoleni.

"Uliniambia goti limepona," Denise aliendelea. "Ulikaa kitandani ukaniambia, 'Mama, limepona, nimelikanda.' Daktari ulikwenda lini?"

"Machi."

"Machi! Na nani alikupeleka, maana gari lilikuwa kwangu?"

Hapo, msomaji wangu, ndipo Neil Garside alipokumbuka. Barua ile haikuwahi kukanyaga nyumbani kwake. Aliogopa Denise angeiona. Aliisomea garini, chai ikaimwagikia, halafu akaisukuma kwenye kile kisanduku cha mbele cha gari na kumwambia mwenye gari, "Nitunzie hii, ndugu yangu. Hata mke wangu asijue."

"Carl," alisema.

"Kwa hiyo Carl alijua," Denise alisema. "Mimi ninayekusaidia kuvaa soksi asubuhi sijui, Carl anajua. Basi mpigie Carl."

Akakata.

Neil alibaki ameshika simu inayolia tuu, tuu, tuu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye kwa miaka tisa alikuwa akivalishwa nguo na huyohuyo.

Mo alitoa kichwa mlangoni, mikono imejaa taulo.

"Mwanangu, saa nane na dakika kumi. Karatasi ya majina inakwenda kwa refa saa nane na nusu. Unalia sasa hivi au unalia baadaye?"

*

Carl alikuwa anamngoja ukumbini, amesimama peke yake. Mkononi alikuwa ameishika jezi namba kumi na mbili, ameitanua vizuri, tayari kwa kumvalisha.

"Njoo, ndugu yangu," alisema. "Hata benchi lazima uvae."

Jamani! Mimi nimesimuliwa kisa hiki na watu watatu, na kila nikifika hapa naweka kalamu chini.

"Ilikuwa garini kwako," Neil alisema.

Jezi ilishuka kidogo.

"Neil..."

"Sema tu ndiyo au hapana. Miaka tisa sijawahi kukuuliza kitu mara mbili."

Carl alitazama nyuma, akatazama mbele. Hapakuwa na mtu.

"Ndiyo. Ni mimi."

Neil aliegemea ukuta. Alikuwa amejiandaa kusikia uongo, na uongo angeuweza. Ukweli ulimkuta hana kinga.

"Mwenyekiti aliniita Jumatatu," Carl alisema harakaharaka. "Ronnie anaondoka. Mwakani bosi ni mimi. Nacheza, nafundisha, yote mimi. Akasema kuna nafasi ya mzee mmoja tu pale nyuma. Mmoja, Neil. Akasema, 'Kazi yako ya kwanza ni kuhakikisha Garside hafiki ishirini na tano, ukishindwa hiyo na nyingine huiwezi.' Nina watoto watatu."

"Mmoja wao nilimshika mimi kanisani!"

"Najua."

"Ukaniona mtu wa kusukumiwa chini ya mlango."

"Ningekwambia vipi usoni?"

"Kwa mdomo, Carl! Kwa mdomo huo unaolia nao 'Carl! Carl!' kila Jumamosi sikioni mwangu!"

"Na goti lako limekwisha, hilo ni kweli," Carl alisema, na sasa macho yalikuwa yamemlowa. "Nilikuwa nakusikia ukipiga kelele garini nikipita kwenye mashimo. Utakuja kutembea kwa fimbo huna hata miaka arobaini. Nimekuokoa, siku moja utanishukuru."

Neil aliichukua ile jezi mikononi mwa Carl. Aliivaa mwenyewe, kwanza mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Ilimchukua muda, maana alikuwa amesahau namna ya kufanya peke yake.

*

Sasa tulia, maana hapa mambo yanageuka.

Mo alikuwa amesikia yote. Alitupa taulo chini, akaingia chumba cha wachezaji, wengine wakiwa nusu uchi, na hakujali. Alikwenda moja kwa moja kwa Terry Ogden.

"Wewe. Unajua umevaa nini hapo?"

"Namba tano, Mo."

"Umevaa mwaka mzima wa mwenzio. Anahitaji kuanza mechi moja tu, na wamempiga chini makusudi."

Terry alijipapasa ile pua yake. Kisha akauliza, "Mkataba wake unataka ngapi?"

"Ishirini na tano. Ana ishirini na nne."

"Mimi kule nilikotoka nilihitaji ishirini," Terry alisema. "Nilifika kumi na tisa. Wakaniambia nina mafua."

Alisimama, akaivua jezi, akainyoosha vizuri na kuitundika kwenye msumari wa kona. Kisha akaingia chooni, akafunga mlango, na humo ndani zikaanza kutoka sauti ambazo sitaziandika kwenye gazeti linalosomwa na familia.

Bosi Stobbs alikuja mbio.

"Ogden! Una nini?"

"Pai, bosi!" Terry alilia. "Pai ya nyama ya jana! Nakufa!"

"Toka humo!"

"Nikitoka utajuta wewe, si mimi!"

Stobbs alipiga teke mlango wa choo, akaumia kidole. Saa nane na dakika ishirini na nne. Beki mwingine wa kati hakuwepo, maana mmoja alikuwa amevunjika mguu na mwingine amefungiwa na chama cha mpira. Akageuka, akakuta chumba kizima kinamtazama, na Mo katikati yao, mikono kiunoni.

"Garside," alisema kwa meno yaliyoumana. "Vaa tano."

Alifuta jina, akaandika jingine, akamwita winga mmoja aliyekuwa ameshakaa jukwaani na pai yake aje avae kumi na mbili. Karatasi ilimfikia refa ikiwa imebaki dakika moja.

Neil alipopita mbele ya choo aligonga mlango mara moja.

"Terry. Ile ya Oktoba..."

"Nenda zako, mzee," sauti ilijibu. "Bado nakuchukia."

*

Saa tisa kamili alasiri refa alipuliza filimbi, na mpira ukaguswa. Ishirini na tano! Mo, aliyesimama mlangoni na beseni lake, alipiga yowe hata askari mmoja akageuka. Hakuna mwenyekiti, hakuna bosi, hakuna barua ambayo ingeifuta tena. Mwaka ulikuwa wa Neil.

Angefurahi, lakini hakufurahi. Mita kumi kushoto kwake alikuwa amesimama Carl.

"Umepata mwaka wako," Carl alimwambia mpira ulipokuwa mbali. "Mwaka huo bosi ni mimi. Tutaongea, Neil. Tutapanga."

Neil alisogea mbali naye hatua mbili. Mashabiki nyuma ya goli hawakuelewa kitu. Mabeki hawa wawili walizoea kuongea dakika tisini bila kupumzika, kama wapika chai msibani. Leo sauti ilikuwa moja tu.

Na hapa nikueleze jambo, maana ndilo litakaloamua yote. Mpira wa juu ukija katikati ya mabeki wawili, mmoja lazima auite, mwingine auache. Kule Uingereza huruhusiwi kusema "Wangu!" hovyo, kila mtoto hufundishwa hivyo, kwamba refa atasema unamhadaa mpinzani na atakupigia filimbi. Ukiutaka mpira, taja jina lako. Carl akisema "Carl!", Neil huinamisha kichwa, anapita, bila kutazama nyuma. Akitazama tu amechelewa. Miaka tisa, mipira isiyo na idadi, na hawajawahi kugongana hata mara moja.

Kipindi cha kwanza kiliisha bila bao. Goti la Neil lilikuwa limevimba kama embe. Wakati wa mapumziko alikaa karibu na bomba lake la maji moto, na Carl alipomletea kikombe cha chai alikiacha kikapoa.

Dakika ya sabini na moja kipa wa Marlby, wapinzani wao wa siku hiyo, alipiga mpira mrefu. Upepo wa kule hutoka mlimani, ukaubeba mpira ule ukauweka juu kabisa, na ulipoanza kushuka ulikuwa unakuja palepale katikati, kati ya namba tano na namba sita. Mshambuliaji wa Marlby alikuwa bado mbali. Ulikuwa mpira rahisi.

"CARL!"

Neil aliisikia. Nataka hili lieleweke, maana baadaye yatasemwa mengi. Aliisikia wazi, kama alivyoisikia miaka tisa, sauti ileile, kutoka palepale nyuma ya bega la kushoto. Mwili wake wote ulianza kuinama uupishe mpira.

Halafu moyo ukamuuliza: na kama anadanganya? Na kama amesimama tu mikono kiunoni, anangoja niuache mpira, wafunge, na mji mzima uone kwamba Garside kaisha kweli? Aliyesukuma barua chini ya mlango atashindwa nini?

Neil hakuinama. Alijirusha kwa nguvu zake zote, goti lote, uzito wote, mguu wa kulia mbele.

Carl alikuwa ameshafika. Alikuwa anaruka, macho juu kwenye mpira, mguu mmoja tu ukiwa umebaki ardhini, bila kutazama pembeni hata kidogo. Kwa nini atazame? Alikuwa ameita.

Mlio ule ulisikika mpaka nyuma ya goli la upande wa kiwandani. Mimi nilikuwapo pale. Mzee aliyesimama mbele yangu alivua kofia.

Neil aliinuka. Goti lake halikuumia zaidi. Carl hakuinuka. Mguu wake, chini ya goti, ulikuwa unatazama upande ambao mguu wa mtu hautazami.

"Aliuita!" Stobbs alikuwa anapiga kelele huku anakimbia uwanjani. "Aliuita, wewe! Wote tumesikia!"

Kule jukwaani mwenyekiti alikuwa amesimama, na alikuwa hamtazami Carl. Alikuwa anamtazama Neil. Refa alikuja polepole, mkono uko mfukoni, hajui atoe nini kwa mchezaji aliyemvunja mwenzake wa timu moja.

Machela ilipoinuliwa Carl alimshika Neil jezi, pale kifuani, kwa vidole vilevile vilivyomvalisha miaka tisa. Uso wake ulikuwa mweupe kama chaki. Hakutukana, wala hakulia.

"Kwenye barua nilikusaliti," alisema. "Hii ilikuwa kweli. Niliita, Neil."

"Nilisikia," Neil alijibu.

Vidole vikaachia jezi. Machela ikaenda zake kuelekea mlangoni, Mo akisogea kando na beseni lake kuipisha, na juu ya machela ile alikuwa amelala bosi wa Neil Garside wa mwaka mzima unaokuja.